Maji Chini ya Mchanga

Somo letu ni Mwanzo 21, aya ya 14 hadi 19. Humo twasoma habari za Hajiri, aliyepotea jangwani pamoja na mwanawe. Maji yalipokwisha katika kiriba, alimlaza mtoto chini ya kijiti, akaketi mbali ili asimwone akifa. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima.

Leo nataka tumfikirie mtu mwingine aliyeishiwa na maji, tena hapa kwetu Ukambani. Johann Ludwig Krapf alikuwa mmisionari, Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mnamo Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa macho yake. Mwaka 1851 alirudi akitamani kuanzisha kituo cha Injili kati ya Wakamba. Akamwendea mwenyeji wake, Mzee Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, nao wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana.

Mwishoni mwa Agosti, karibu na Tana, wanyang'anyi waliwashambulia. Kivoi aliuawa. Wengine wakatawanyika porini, na Krapf akajikuta peke yake katika nchi ya ugeni, bila chakula na bila mtu wa kumwonyesha njia. Alifika mtoni akanywa. Lakini safari ya kurudi ilikuwa ndefu, naye hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi.

Mchana alijificha, usiku akatembea. Giza lilipomzuia kuiona dira, aliufuata upepo. Miiba ikazing'oa zile nyasi, na sehemu ya maji ikamwagika. Yaliyobaki yalikuwa na ladha ya baruti, lakini aliyanywa kama mtu anywaye asali. Kisha hayo nayo yakaisha. Ninyi mnaoishi Kitui na Makueni mwajua jua la Agosti. Mwajua jinsi ulimi unavyogandamana na kinywa.

Alifika penye mto wa mchanga, mkavu kabisa. Akachimba kwa mikono yake, asipate kitu. Ndipo aliposikia sauti za tumbili. Alifurahi mno, kwa maana alijua walipo tumbili bondeni, maji hayako mbali. Akaufuata mto, akakuta shimo walilolichimba katika mchanga, na ndani yake maji! Akamshukuru Mungu, akanywa. Akaifunga baruti yake katika leso ili pembe ya baruti nayo ipate kubeba maji. Kwa njaa alikula baruti kidogo pamoja na machipukizi ya mti, yakawa machungu.

Ndugu yangu, tumbili ni nani kwetu? Si ndiye mwizi wa mahindi, tunayemfukuza shambani kwa mawe? Lakini siku ile Mungu alimtuma huyo huyo amwonyeshe mtumishi wake kisima. Krapf alijua lugha nyingi. Kabla ya hapo, mwaka 1850, tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilikuwa imechapishwa. Lakini elimu hiyo yote haikumpatia hata tone moja. Ilimbidi afuate nyayo za wanyama. Je, ni mara ngapi sisi tumekufa kiu karibu na maji, kwa sababu aliyejua kisima kilipo tulimdharau?

Tena jifunzeni kwa mto wenyewe. Mtoto wa Kitui hapiti juu ya mchanga wa Tiva akisema, "Hapa hakuna maji." Mama wa Makueni huenda na kata yake mto Kaiti, akachimba, akangoja, na maji yakajaa polepole. Mchanga umeyaficha maji jua lisiyanywe. Mto mkavu si mto mtupu.

Sisemi kwamba kila aliye njiani hufika. Kivoi hakurudi nyumbani, na jamaa yake walilia. Baadhi yao walimlaumu mgeni kwa kifo cha mzee wao, hata ikambidi Krapf atoroke usiku. Alifika Rabai hai, lakini kituo alichotamani hakikujengwa. Mtu angesema safari ile ilikuwa bure. Lakini mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifika Nzaui, katika Makueni ya leo, wakaanza kazi. Scott naye alifariki mwaka uliofuata. Watu wangesema tena, "Mto umekauka." Leo, siku ya Bwana, sikilizeni nyimbo zinazotoka makanisani, toka Nzaui hata Mwingi. Maji yalikuwako chini ya mchanga.

Labda wewe unayenisikiliza umechoka leo. Mume yuko mbali na haleti habari. Mvua imekosa, na karo ya mtoto inadaiwa. Umeomba, ukachimba mahali pamoja, usipate kitu. Usiketi mbali kama Hajiri kungojea kifo. Ufuate mto mbele kidogo. Sikiliza, huenda jirani yule usiyemhesabu ndiye anayejua shimo lilipo. Na ukishakunywa, usilifukie. Liache wazi, kwa maana nyuma yako yuko mwingine anayekuja usiku, peke yake, naye ana kiu.

Na tuombe. Ee Mungu uliyemwona Hajiri, utufumbue macho leo. Utupe nguvu ya kuchimba, na unyenyekevu wa kuonyeshwa. Kwa jina la Yesu. Amina.