Pesa Ziende Chini ya Tuta

(Mada ya wasimamizi wa mabwawa ya samaki, iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu cha maendeleo)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia mabomba ya mabwawa ya samaki. Tungeweza kuanza na faida za ufugaji, lakini tuna deni kwenu na tungependa kulilipa kwanza. Katika harambee iliyopita mlituchangia ili tuchimbe bwawa la mfano. Bwawa lilichimbwa, likajaa, tukapandikiza vifaranga vya perege. Mwezi Machi, usiku wa mvua kubwa, tuta lilipasuka. Asubuhi watoto walikuwa wanaokota samaki kwenye migomba ya jirani, na wengi zaidi walikuwa wamekwenda na mto. Akina mama waliolilisha bwawa lile pumba kwa miezi mitano hawakupata hata mboga ya siku moja.

Kosa lilikuwa letu, nalo lilikuwa kosa la kununua. Tulinunua bomba zito la daraja la juu kwa ajili ya kuingiza maji, tukajisifu kwamba tumenunua kitu imara. Fedha zilipobaki kidogo, chini ya tuta tukalaza bomba jepesi la maji taka, lile lenye ukuta mwembamba. Wakati wa kushindilia udongo lilipata ufa ambao hatukuuona. Maji yakapita taratibu kwenye ufa, yakala udongo kandokando ya bomba, hadi tuta likakosa pa kusimamia. Kwa maneno mengine, tulitumia fedha nyingi mahali pasipohitaji, tukabana mahali palipohitaji. Waswahili husema rahisi ghali. Sisi tumejifunza kwamba hata ghali inaweza kuwa hasara ikiwekwa pasipo pake.

Tunayoyasema leo, basi, tumeyalipia ada. Myachukue bure.

La kwanza: tupime maji kabla ya kwenda dukani. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, nenda kwenye chanzo wakati wa kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, maji yanapokuwa machache. Kinga maji yote. Ndoo ikijaa kwa sekunde 20, unayo lita 1 kwa sekunde. Kwa siku nzima hizo ni lita 86,400. Bwawa la mita 15 kwa 20, lenye kina cha wastani cha mita 1, huchukua lita 300,000. Kwa hiyo litajaa kwa siku tatu na nusu hivi. Ndoo ikijaa kwa dakika nzima, bwawa litajaa kwa siku kumi na kidogo. Hata hivyo si haba, maana bwawa hujazwa mara moja tu, na baada ya hapo kazi ni kufidia maji yanayopotea kwa jua na kwa kunywewa na ardhi. Bwawa hilo likishuka sentimita 1 kwa siku, limepoteza lita 3,000. Chanzo cha lita 1 kwa sekunde hurudisha hayo kwa dakika 50.

Hesabu hiyo inatuambia kwamba bomba la kuingiza maji halina haja ya kuwa kubwa. Kwa miteremko ya Ngara, inchi moja na nusu inatosha kwa chanzo cha lita 1 kwa sekunde. Tena kwa sehemu kubwa ya njia hatuhitaji bomba kabisa. Mfereji uliochimbwa kwa jembe, ukifuata mkunjo wa mlima, hauna gharama ila nguvu zetu. Bomba linunuliwe kwa ajili ya kuvuka njia ya ng'ombe na kwa zile mita chache za mwisho za kumwagia maji bwawani. Mwisho huo ukae juu ya maji kama sentimita 20, ili samaki wasipande na ili maji yaanguke yakichukua hewa. Mdomo wake uvikwe wavu mdogo. Kipande cha chandarua kilichochakaa kinafaa, mradi kiwe kisichotiwa dawa, maana dawa ya chandarua huua samaki. Bila wavu, kambale wa mtoni wataingia wakiwa wadogo na kuwala vifaranga wako wakiwa wakubwa.

La pili: tuelewe namba zilizoandikwa kwenye bomba. Utakuta PN 6, PN 10, PN 16. Hizo zinaeleza shinikizo ambalo bomba linaweza kuvumilia, kwa kipimo cha bar. Kila mita 10 za kimo cha maji ni bar 1. Bwawa la kina cha mita 1 linasukuma kwa sehemu ya kumi ya bar tu. Muuzaji akikwambia bwawa linahitaji PN 16, mshukuru kwa ushauri, kisha ununue PN 6.

Isipokuwa kwa jambo moja, na wenzetu wa milimani walisikilize. Ukivuta maji kwa bomba kutoka chanzo kilicho mita 80 juu ya bwawa, halafu ukaweka koki chini na kuifunga, bomba zima la chini linabeba bar 8. PN 6 inaweza kupasuka. Dawa yake si kununua bomba la bei kubwa. Acha mdomo wa chini wazi siku zote, na koki iwekwe juu kwenye chanzo. Kama ni lazima kufunga chini, weka tangi dogo lililo wazi katikati ya mteremko ili maji yapumzike na kuanza upya.

La tatu, na ndilo kubwa: fedha ziende chini ya tuta. Bomba la kutolea maji likishafukiwa, kulibadilisha ni kubomoa tuta. Hapo shinikizo la maji ni dogo, lakini uzito wa udongo na vishindo vya kushindilia ni vikubwa. Tunataka PVC ya maji safi yenye ukuta mnene, ya inchi 4. Bomba la inchi 4 lina mdomo mara nne ya ule wa inchi 2. Kwa makadirio yetu, bwawa tulilolitaja litakauka kwa nusu siku hivi kupitia inchi 4, na kwa siku mbili hadi tatu kupitia inchi 2. Siku ya mavuno, samaki aliyekaa siku mbili kwenye tope hafiki sokoni akiwa na thamani ile ile.

Kiasi kinachohitajika si cha kutisha. Tuta la kimo cha mita 1.3, lenye upana wa mita 1 juu na mteremko wa kawaida pande zote, lina upana wa mita 6 na kidogo kwenye kitako. PVC huuzwa kwa vipande vya mita 6. Kwa hiyo tunahitaji vipande viwili: kimoja kinalala chini ya tuta, cha pili kinakatwa ili kurefusha kidogo upande wa nje na kusimama wima ndani ya bwawa. Tunaongeza soketi ya kuungia, elbo moja, gundi na wavu. Elbo ya ndani ipakwe grisi, isitiwe gundi. Bomba la wima likisimama, urefu wake ndio unaopanga kimo cha maji, na mvua ikizidi, ya ziada yanaingia juu na kutoka yenyewe. Ukitaka kukausha, unalilaza taratibu. Humo humo umepata bomba la kutolea na la kupunguzia, na hukununua koki kubwa ya inchi 4, ambayo ni kifaa cha gharama kuliko vingine vyote.

Bomba hilo lilazwe kabla tuta halijainuliwa, likiteremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Lizungushiwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ushindiliwe kwa mkono tabaka kwa tabaka. Katikati ya urefu wake tumwage kola ya zege, ili maji yakijaribu kufuata ubavu wa bomba yakute ukuta. Laiti tungeweka kola hiyo mwaka jana, huenda ufa usingefika mbali.

Wenzetu wa Biharamulo wametuuliza: kwetu ni tambarare, je? Jibu ni kwamba msilazimishe. Kama nje ya bwawa pana bonde lililo chini kuliko kitako cha bwawa, fuateni tuliyoeleza. Kama bonde liko chini kidogo tu, mpira wa kunyonyea, uliojazwa maji na kupitishwa juu ya tuta, utaondoa maji kwa muda mrefu bila kutoboa tuta. Kama hapana bonde kabisa, msinunue bomba la chini hata kidogo. Kodini pampu siku ya mavuno, na maji hayo yenye mbolea yaende kwenye mchicha na nyanya. Tunajua kiu yenu ya samaki. Tangu Chato ilipokuwa wilaya, sehemu kubwa ya ufukwe wa ziwa haiko tena Biharamulo, na sato huja kwa gari au pikipiki, na nauli yake huongezwa kwenye bei.

Sasa tuingie dukani. Bomba lililopauka kwa kukaa juani nje ya duka limeanza kufa: likiangushwa hupasuka kama chungu. Chagua lililowekwa kivulini. Soma maandishi: kipenyo, daraja la shinikizo, jina la mtengenezaji na alama ya Shirika la Viwango, TBS. Lisilo na maandishi, liache. Bonyeza mdomo wake kwa viganja viwili. Likibonyea kirahisi, halifai kwenda chini ya tuta, ingawa linaweza kufaa kumalizia mfereji. Uliza bei katika maduka matatu, uigawanye kwa mita, maana vipande vingine ni vifupi. Bomba jeusi la rola huvumilia jua na hupinda bila elbo. Tena hukunjwa likaingia kwenye buti ya basi, wakati PVC ya mita 6 inahitaji lori. Anayenunua Kahama au Mwanza ajumlishe nauli hadi Nyakanazi, Lusahunga au Benaco kabla ya kusema amepata nafuu. Mwisho, dai risiti ya EFD, ili bomba bovu liweze kurudishwa.

Kuhusu maji yenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji ya mto au kijito awe na kibali, nacho kwetu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tuanze kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri, atatuelekeza. Na tusiwasahau walio chini yetu: maji yanayotoka bwawani yarudi mkondoni, jirani naye anywe na kumwagilia.

Ndugu zetu, sasa tunafikia ombi. Tumekubaliana kulijenga upya bwawa la mfano, na kuyawekea mabomba ya chini mabwawa mengine matano ambayo wanachama wameshayachimba kwa majembe yao, yanayosubiri tu bomba. Mabwawa sita, vipande viwili kila moja, ni vipande kumi na viwili vya inchi 4. Hatuombi zaidi ya hapo. Nguvu, udongo, mawe ya kola na chakula cha mafundi ni juu yetu.

Tunaomba mtu achangie kwa kipande. Familia moja ikichukua kipande kimoja, watani wakashindana, wana-Ngara kwa wana-Biharamulo, kazi itakwisha kabla hatujafika kwenye chakula. Tutanunua vyote kwa pamoja ili tupate bei ya jumla, na risiti itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mmoja aisome. Kabla ya kufukia, tutampigia kila mchangiaji picha ya kipande chake kikiwa kimelala kwenye mfinyanzi. Baada ya hapo hakitaonekana tena, na kisipoonekana kwa miaka mingi, mjue kazi ilifanyika vizuri.

Mwaka jana mlitupa fedha zikaenda na maji. Mwaka huu tunaomba mtuamini mara ya pili, kwa kuwa sasa tunajua zinakotakiwa kulala.

 Mungu abariki Ngara, abariki Biharamulo.