Kitabu cha Polisi na Mfanyakazi Aliyepigwa

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Changamwe



Halmashauri ya tawi imetutuma tuseme habari ambayo baadhi yenu hamtapenda kuisikia. Twajua hivyo, na tumeona heri tuiseme hapa mkutanini, watu wote wakisikia, kuliko kuinong'ona mkahawani. Jambo linalompata mwanachama njiani akitoka kazini ni jambo la chama.

Mwenzetu mmoja, kibarua wa kupakua makontena, alikuwa akirudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Vijana wakamzuia njiani, wakamwita shoga, wakamvunja mkono na kumnyang'anya simu. (Neno hilo, mabibi mlio hapa mwalijua vizuri, ni neno mnaloitana wenyewe kwa upendo, rafiki na rafiki, ajabu jinsi lilivyogeuzwa kuwa jiwe la kumpigia mtu.) Kulipokucha akaenda kituo kimoja cha polisi, ambacho hatutakitaja. Askari wa zamu akasikiliza, akaandika kwamba ni ugomvi wa walevi. Mwenzetu hanywi pombe. Alipoomba namba ya kitabu, akaanza kuulizwa yeye: anakaa na nani, ana mke au hana, na mbona asiwe na mke kwa umri ule. Akaogopa, akaondoka bila namba.

Sasa fuateni hesabu. Bila namba ya kitabu hakupata fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Bila P3 hakuna kesi. Na kwa kuwa hakuna kesi wala karatasi yo yote, mwajiri wake alizihesabu siku 9 alizokaa nyumbani na mkono wake kuwa ni utoro, akamwachisha kazi. Hapo ndipo habari ilipofika mezani petu. Kama yale aliyoitwa ni kweli au si kweli, hatukumwuliza, wala ninyi msimwulize.

Kitabu tunachokisema ni kile cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB. Kila jambo linaloletwa kituoni hupasa kuandikwa humo, pamoja na saa, tarehe na namba. Kutoka katika vitabu hivyo hesabu hupanda juu mpaka makao makuu Nairobi, na kila mwaka polisi hutoa ripoti ya makosa ya nchi nzima. Katika ripoti hizo kuna fungu la makosa dhidi ya maadili, na humo kulawiti kumehesabiwa pamoja na kunajisi na mengine. Lakini mtu aliyepigwa kwa sababu ameitwa shoga hana safu yake. Hutupwa katika fungu la mashambulio, pamoja na majirani waliopigania kuku. Mkono uliovunjika umeandikwa, sababu yake imepotea.

Msidhani ya kwamba serikali haiwezi kuhesabu mambo haya. Mwezi wa Machi 2014, Bwana Aden Duale, aliyekuwa kiongozi wa upande wa serikali katika Bunge la Taifa, aliwaambia wabunge kwamba tangu mwaka 2010 kesi za ushoga zilikuwa 595. Hatuingii katika ubishi wa namna hesabu hiyo ilivyopatikana. Twasema hivi tu: walipotakiwa kuhesabu walioshtakiwa, namba ilipatikana mpaka ile tano ya mwisho. Waliopigwa je? Waliofukuzwa katika nyumba za kupanga je?

Hesabu ya hao imebidi ifanywe na watu wasio polisi. Mwezi wa Septemba 2015 shirika la Human Rights Watch, pamoja na PEMA Kenya ya hapa hapa Mombasa, walitoa ripoti juu ya mashambulio ya pwani. Wengi wenu mwakumbuka mambo ya Mtwapa mwezi wa Februari 2010, pale uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulipokusanya umati mpaka kwenye kituo cha afya cha KEMRI. Watu walipigwa, na polisi wakawachukua kituoni wale waliokuwa wakishambuliwa. Ukitaka kujua leo ni nini kiliandikwa siku ile katika kitabu, na juu ya nani, utamwuliza nani?

Hofu ya mwenzetu ina sababu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu chatoa kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu mwezi wa Mei 2019 ilikataa kukifuta. Basi anayekwenda kushtaki hufikiri kwamba huenda yeye ndiye atakayebaki ndani. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa upande wa Ukunda, wakaletwa hospitali kuu ya Mombasa kupimwa miili yao kwa namna ya aibu kubwa. Mahakama Kuu iliona si vibaya. Ilikuwa mpaka Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufani, iliyokaa hapa Mombasa, iliposema kwamba haki zao zilivunjwa.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa sheria hiyo hiyo. Kifungu cha 251 chasema atakayemshambulia mtu na kumjeruhi aweza kufungwa miaka 5, wala hakiulizi aliyejeruhiwa analala na nani. Katiba, kifungu cha 29, yamlinda kila mtu na ujeuri, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Wako wanachama waliotuambia kwamba dini haikubali mambo haya. Sisi hatukuja hapa kuhubiri, na imani ya mtu hatuigusi. Tunauliza juu ya mkono uliovunjwa na mshahara uliokatika.

Na njia ya kuuliza ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, zampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na polisi wamo. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika hupasa kusaidiwa na afisa mwenyewe. Kuomba hakulipiwi ada, labda gharama ya nakala. Tena huna lazima ya kueleza kwa nini wataka kujua, na afisa hana ruhusa ya kukunyima kwa kudhani anajua nia yako. Jibu lapasa kutoka katika siku 21. Na ikiwa habari yahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Wakinyamaza, kunyamaza huko kwahesabiwa kuwa wamekataa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman. Sheria yasema raia ni pamoja na chombo kinachoongozwa na raia. Kwa hiyo barua yaweza kuandikwa na chama, pasipo mtu mmoja kutoa jina lake na kujulikana mtaani kwake Chaani au Mikindani.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Tunaomba hesabu, hatuombi majina. Sheria yenyewe yawaruhusu kukataa habari zinazoingilia siri ya mtu au kuhatarisha maisha yake, na kwa hilo tuko pamoja nao. Orodha ya waliopigwa, ikianguka katika mikono mibaya, ni orodha ya watakaopigwa tena. Habari za mwenzetu mwenyewe ni mbali: yeye aweza kuomba yaliyoandikwa juu yake, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Nchi nyingine zimekwisha kuanza. Marekani ina sheria tangu 1990 ya kukusanya hesabu za makosa ya chuki, na chuki ya aina hii imo. Uingereza hesabu hutolewa kila mwaka. Afrika Kusini rais alitia sahihi sheria ya makosa ya chuki mwezi wa Mei 2024. Yote hayo hayakuondoa vipigo, lakini mtu akisema havipo, aonyeshwa karatasi.

Wafanyakazi wa Mombasa hawana haja ya kufundishwa karatasi ya serikali ni kitu gani. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipotikisa mji huu, serikali ya wakoloni haikukosa wino wa kuandika juu ya viongozi wetu, na Bwana Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akahamishiwa Kabarnet. Na wazee wa Mau Mau waliposhtaki huko London, mafaili yaliyofichwa Hanslope Park, ambayo kuwako kwake kulikubaliwa mwaka 2011, yaliwasaidia sana, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000. Walikuwa wamengoja miaka hamsini na zaidi.

Barua ya tawi imekwisha andikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Yauliza mambo matatu: kwamba tangu mwaka 2020 vituo vya Changamwe na Jomvu vimeandika mashambulio mangapi ambayo mlalamikaji alisema amepigwa kwa kudhaniwa shoga au msagaji; mangapi kati ya hayo yalifika mahakamani; na kwamba kuna amri gani ya kumlazimu askari kuandika sababu aliyoitaja mlalamikaji. Nakala iko kwa karani. Atakaye kuisoma aisome leo kabla ya kuondoka, na mwenye neno la kuongeza au kupunguza alete kabla halmashauri haijakaa, maana siku 21 zaanza kuhesabiwa tutakapoipeleka. Kwa sasa, mwanachama ye yote anayekwenda kituoni kwa shida kama hii asiende peke yake. Aje kwanza ofisini, apewe mtu wa kufuatana naye, na wasitoke kituoni bila namba ya kitabu.