Watoto Wetu Wamehesabiwa, Sasa Wajifunze Kuhesabu

Hotuba ya mwanachama katika hafla ya kuchangia Mfuko wa Elimu



Kamati imenipa dakika chache nieleze kwa nini mwaka huu Mfuko wa Elimu unataka kusomesha vijana wetu takwimu za tiba. Najua wapo waliosoma kadi ya mwaliko wakauliza: hiyo nayo ni kazi gani? Daktari tunamjua, nesi tunamjua, mtu wa maabara tunamjua. Huyu wa takwimu anatibu nini?

Hatibu mtu. Kazi yake inafanana na yangu ya uhasibu. Mkurugenzi akisema kampuni imepata faida, mkaguzi hamsifu wala hambishii. Anaomba leja, risiti na taarifa za benki. Vivyo hivyo, daktari akisema dawa imeponya, mtakwimu wa tiba anauliza: wangapi walipewa dawa, wangapi hawakupewa, na wangapi wangepona hata bila dawa? Sote tunakijua kikohozi cha mtoto wakati wa baridi ya Mbulu. Watoto wengi hupona wenyewe baada ya siku kadhaa. Ukimpa mtoto dawa yoyote siku ya tano, siku ya nane utaisifu dawa hiyo, hata kama haikufanya kitu.

Aliyeweka utaratibu wa kumaliza ubishi huo kwenye magonjwa ya kifua ni Mwingereza, Austin Bradford Hill. Alitaka kuwa daktari, lakini akiwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza aliugua kifua kikuu, akalala kitandani muda mrefu. Alipopata nafuu alisoma uchumi kwa njia ya posta. Kwa hiyo wenzangu wa biashara na uchumi mliomo humu, huyu ni mtu wetu.

Mwaka 1947 dawa ya streptomaisini ilikuwa mpya na chache. Haikuwatosha wagonjwa wote. Hill alipanga wagonjwa 107 wa kifua kikuu kwa bahati nasibu, majina ya makundi yakiwa ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asiweze kumpendelea mtu. Wagonjwa 55 walipata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipata mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yalikuwa matibabu ya wakati ule. Baada ya miezi sita, waliopata dawa walikufa 4, na wengine walikufa 14. Matokeo yakachapishwa mwaka 1948, na hapakuwa na ubishi tena.

Jambo hili lilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi tunavyodhani. Wazee wetu wanakumbuka mgonjwa wa kifua kikuu alivyotibiwa mwaka mmoja na nusu. Wengi walichoka, wakaacha dawa, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia waliingia katika jaribio lililouliza swali moja: je, miezi sita inatosha? Makundi yalipewa mchanganyiko tofauti wa dawa, kisha wakafuatiliwa kuona ni nani ugonjwa unamrudia. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake, ugonjwa uliwarudia takribani 29 katika kila 100. Ilipoongezwa rifampisini, takribani 3 tu. Matibabu ya miezi sita tunayopata leo katika zahanati zetu yana mzizi katika daftari hilo. Waliotoa makohozi na kurudi kliniki mwezi hadi mwezi walikuwa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Katika kazi hiyo ya kifua kikuu alikuwamo mtakwimu kijana, Andrew Nunn, wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Miaka ya 1990 tunamkuta katika utafiti wa UKIMWI vijijini Uganda. Mwaka 2019 jina lake likatangulia katika ripoti ya jaribio la STREAM kuhusu kifua kikuu sugu, lililofanyika Ethiopia, Afrika Kusini, Vietnam na Mongolia. Jaribio lilionyesha kwamba matibabu ya miezi 9 hadi 11 yanafanya vizuri karibu sawa na yale ya miezi 20: takribani wagonjwa 79 katika 100 walifanikiwa, dhidi ya 80. Maisha ya kazi ya mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, yalikwenda katika kumpunguzia mgonjwa miezi ya kumeza dawa. Hakumpima mgonjwa kifua, lakini bila hesabu zake daktari asingethubutu kufupisha dozi.

Sasa tuje nyumbani, Haydom. Hospitali yetu, iliyoanza mwaka 1955, imekuwa mahali pa utafiti unaojulikana duniani. Katika utafiti wa MAL-ED, Haydom ilikuwa kituo kimoja kati ya vinane, pamoja na Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Wahudumu walifika nyumbani mara mbili kwa wiki kumuuliza mama: mtoto ameharisha? Ana homa? Anakohoa? Baadaye, kati ya Septemba 2017 na Agosti 2018, watoto wachanga 1,188 wa Haydom na vijiji vya jirani waliandikishwa katika jaribio la ELICIT. Wengine walipewa dawa za kuua vijidudu, ikiwemo azithromaisini, wengine vitamini, wengine dawa bandia, ili ionekane kama watakua zaidi. Walipofika miezi 18 walipimwa urefu. Hakukuwa na tofauti ya maana.

Nimesikia watu wa kwetu wakisema: basi tulisumbuliwa bure. Naomba niwajibu kama mhasibu. Hesabu ikifungwa vizuri ikaonyesha sifuri, imekuokoa usiweke pesa mahali pasipo na faida. Bila akina mama wale, mtu angeweza kushauri kila mtoto wa kijijini anyweshwe dawa hiyo ili arefuke, nasi tungegharamia dawa na kuvizoesha vijidudu dawa ambayo tunaihitaji siku mtoto anapougua kweli.

Na ziko sababu za kutaka hesabu ifanyike kwetu, isiazimwe kwa jirani. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la MORDOR, ambapo watoto wadogo wa Niger, Malawi na Tanzania, kwetu ikiwa wilaya ya Kilosa, walipewa azithromaisini hiyo hiyo mara mbili kwa mwaka. Niger vifo vya watoto vilipungua kwa takribani asilimia 18. Tanzania ni asilimia 3.4, kiasi ambacho huwezi kukitofautisha na bahati tu. Dawa moja, dozi moja, nchi mbili, majibu mawili. Nani atatuambia jibu la Hanang kama hakuna anayehesabu Hanang?

Ndugu zangu, watoto wetu wamehesabiwa kwa muda mrefu. Wamepimwa urefu, wametolewa damu, kikohozi chao kimeandikwa. Wazazi wao wametoa mchango mkubwa ambao haumo kwenye stakabadhi yoyote. Kilichobaki ni mtoto wa Dongobesh, Yaeda Chini, Katesh au Bassotu kukaa upande wa pili wa meza: apange maswali, afungue bahasha, asome majibu, kisha arudi kijijini awaeleze akina mama kwa lugha wanayoielewa.

Njia hiyo inaanzia kwenye hisabati ya kidato cha kwanza, na hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Kwa hiyo naomba tuchangie mambo matatu: posho ya walimu wa hisabati watakaofundisha kambi za likizo; vitabu vya hisabati kwa shule zetu za kata; na ada ya chuo kikuu kwa vijana watakaochaguliwa kusoma takwimu, wasichana wakipewa nafasi sawa na wavulana.

Ahadi zenu zitaandikwa na Mweka Hazina kwenye meza ile pale mlangoni. Mimi nimejitolea kuandaa hesabu za Mfuko bila malipo, na mwakani zitasomwa mbele yenu, shilingi kwa shilingi. Mkiona pengo, niulizeni hadharani. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu, na ndiyo tunayotaka watoto wetu waijue.

 Mungu aibariki Mbulu, Mungu aibariki Hanang.