John Hunter, Tabibu wa Kupasua
Maneno ya hotuba kwa wanaojifunza huduma ya kwanza, Changamwe



Nimeombwa niwaeleze habari za John Hunter, ambaye kwa kazi yake upasuaji ulianza kuwa elimu. Alizaliwa Uskoti mwaka 1728, kitinda mimba katika watoto kumi. Vitabu havikumvutia, akaacha shule mapema. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyefundisha maungo ya mwili kwa kupasua maiti. Na hapo mikono yake ikapata kazi iliyoifaa.

Mwaka 1761 alikuwa tabibu wa jeshi vitani, katika kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuchokonoa na kupanua kila jeraha la risasi. Hunter akawaona askari wachache wa Kifaransa waliojificha siku kadhaa bila kutibiwa, nao wanapona vizuri kuliko waliopasuliwa. Basi akapunguza kisu. (Msidhani nawapa ruhusa ya kumwacha majeruhi! Siku zile vijidudu viletavyo usaha vilikuwa havijajulikana. Sisi tunasafisha jeraha na kulifunika.)

Kazi yake iliyo mashuhuri aliifanya Desemba 1785, katika hospitali ya St George's, London. Mwendeshaji mmoja wa gari la farasi alikuwa na uvimbe nyuma ya goti: mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umetanuka, na hatari ni kupasuka. Wengi wangemkata mguu. Hunter aliufunga mshipa ule kwa uzi juu zaidi, pajani, mahali palipo pazima; na dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Mtauliza, mguu utapataje damu? Mtu wa Changamwe aendaye Likoni, akisikia feri imekwama, sasa anayo njia ya Dongo Kundu. Ni ya kuzunguka, lakini atafika. Mwilini vilevile, vijishipa vya kando hupanuka vikabeba damu. Baada ya majuma kama sita mgonjwa alitoka hospitali kwa miguu yake miwili.

Mwanafunzi wake, Edward Jenner, ndiye aliyejaribu chanjo ya ndui mwaka 1796. Mtu wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa maambukizo ya kawaida aliugua Merka, katika pwani ya Somalia, mwaka 1977.

Lakini sitaficha jambo moja. Charles Byrne, mtu wa Ireland aliyekuwa mrefu kupita kiasi, alikufa mwaka 1783. Aliusia azikwe baharini, kwa kuwaogopa wapasuaji. Hunter alitoa fedha, akaupata mwili kwa siri, na mifupa akaiweka katika makumbusho yake. Kwetu usia wa marehemu ni deni, nami sioni elimu gani iliyoweza kulifuta deni hilo.

Hunter alifariki ghafula mwaka 1793, katikati ya mabishano kwenye mkutano wa hospitali yake. Serikali ya Uingereza ilinunua makumbusho yake mwaka 1799, na mifupa ya Byrne ikatazamwa na watu kwa zaidi ya miaka 200. Makumbusho hayo yalipofunguliwa upya mwaka 2023, mifupa hiyo haikuonyeshwa tena, ingawa haikuzikwa.