Suti ya Kaunda na Joto la Voi

Ya Bungeni mmeyasikia. Jumanne, Novemba 28, 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku humo suti ya Kaunda na mavazi ya kiasili. Mwanamume ni koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Na soksi hatuna ugomvi. Rais William Ruto mwenyewe anaivaa Kaunda, tena anaipenda, ila mbunge akiivaa ataonyeshwa mlango.

Linalotutia wasiwasi ni rangi. Nyeusi, kijivu, bluu ya kiza: hizo ndizo rangi za mheshimiwa. Pitia kwa mafundi wa cherehani sokoni Voi, utaikuta Kaunda ya kitenge cha rangi ya chungwa, mikono mifupi, mifuko minne, imeshapigwa pasi na inangoja mwenyewe. Kijana akijipima, mwenzake anamcheka: hiyo ni ya wamama. Nani aliwafundisha vijana wetu kwamba uanaume wa Mwafrika una rangi tatu tu? Pwani nzima wazee wamefunga vikoi vya mistari ya manjano na kijani, na hakuna aliyewauliza kama ni wanaume. Jaramogi Odinga alifanya siasa na kofia yake ya shanga. Shujaa wetu Mwangeka wa Malowa hakufunga tai alipopambana na Waingereza.

Misheni zilifika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, na koti likawa vazi la aliyesoma. Sawa, babu zetu walilivaa na wakapendeza. Lakini kupenda ni kupenda, na kulazimishwa ni kulazimishwa. Tena kwa joto hili la Voi!

Nairobi imeamua, sisi tumeambiwa, na si mara ya kwanza. Maji ya chemchemi za Mzima yanapita kwa bomba kwenda Mombasa, mifereji ya Voi mikavu. Nairobi imeamua. Mbuga ya Tsavo imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii ya Taita Taveta, mapato yanatupita. Nairobi imeamua. Tumeyasema hapa, na tutayasema tena. Sasa hata la kuvaa tuamuliwe? Ibara ya 11 ya Katiba inasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Msingi gani huo unaozuiliwa mlangoni?

Waheshimiwa wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kanuni ya mavazi si Biblia wala Kurani. Pelekeni hoja, ibadilisheni! Nanyi wasikilizaji, msikae mkingoja. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Andikeni! Kusanyeni sahihi stendi, sokoni, kanisani, msikitini. Mafundi, shoneni Kaunda za kila rangi. Akina baba, zivaeni, wavulana wenu wawaone. Na mkishamaliza la nguo, karatasi hiyo hiyo iongezeni la maji ya Mzima.