Skrini ya Dashibodi na Bei ya Mkononi: Uimara wa Gari, Thamani ya Kuuza na Teknolojia ya Simu

Mada kwa semina ya mafundi umeme wa magari, madalali na waagizaji wa magari yaliyotumika, Dar es Salaam

Utangulizi

Dalali wa magari hapa mjini ana maneno yake ambayo sote tumeyazoea: "Injini haijaguswa. Namba D. Full AC. Ni kuwasha na kuondoka." Siku hizi kuna nyongeza: "Ina Android." Wapo wanaoitaja kabla hata ya injini. Mada hii inauliza nyongeza hiyo inaongeza nini kwenye bei na inapunguza nini kwenye uimara.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mjadala uanze nao. Gari hutunza thamani yake pale ambapo kinachozeeka haraka kinaweza kutolewa bila kugusa kinachodumu. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, ikibadilishiwa oili kwa wakati na isichemshwe, huzidi umri wa simu kadhaa za mwenye gari. Skrini, memori yake, ramani zake na programu zake huzeeka kwa mwendo wa simu. Vitu hivi viwili vikifungwa pamoja visiweze kuachana, gari zima litaanza kuhesabiwa umri wa simu.

1. Bei ya mkononi inavyojengwa

Soko letu lina vipimo vyake. Tanzania, gari lililokwisha tumika nchini hutajwa kwa herufi ya namba kabla ya mwaka wa kutengenezwa: namba C, namba D, namba E. IST mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja huachana bei kwa sababu moja imeonja barabara zetu muda mrefu kuliko mwenzake. Baada ya herufi yanafuata maswali matatu: spea zinapatikana? Mafundi wanalijua? Linakula mafuta kiasi gani? Toyota imetawala kwa sababu ya majibu ya maswali hayo. Anayenunua Vitz au Probox anajua spea yake ipo Gerezani au Shauri Moyo, na akihamia Nairobi ataikuta Kirinyaga Road. Anajua pia kwamba siku akitaka kuliuza, mnunuzi hatakosekana.

Sheria nazo zinaingia kwenye bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo mwaka 2026 mlango uko wazi kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijakataza, ila gari dogo lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na lililozidi 10 hutozwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba magari yenye skrini za kisasa hushuka Mombasa kwanza, sisi tukiendelea kuyapokea ya kizazi kilichotangulia. Tunayo nafasi ya kujiandaa kabla hayajajaa kwenye yadi zetu.

2. Redio ya kuchomoa na skrini ya kuzaliwa nayo

Kwa miaka mingi dashibodi ilikuwa na tundu la kipimo kinachojulikana duniani: milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa redio ya DIN mbili. Toyota za soko la Japani ziliongeza upana hadi milimita 200, na maduka yakaleta fremu za kuziba pengo. Kipimo hicho kimetuokoa kuliko tunavyokumbuka, maana redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa haitufai tangu meli ilipong'oa nanga. FM ya Japani ilianzia megahezi 76 hadi 90, ikaongezwa hadi 95, wakati vituo vyetu vinakwenda hadi 108. Televisheni yake inatumia mfumo wa ISDB-T na sisi tuko DVB-T2. Ramani yake inaishia Okinawa. Na kile kifaa cha kulipia barabara za Japani kinaendelea kila asubuhi kumkumbusha dereva wa Mbagala, kwa Kijapani safi, kwamba hajaingiza kadi.

Pamoja na hayo yote, bei ya gari haikushuka. Redio ilitolewa, nyingine ikawekwa, maisha yakaendelea.

Dalili kwamba mambo yanabadilika mafundi mmekwisha ziona. Gari linaletwa kubadilishiwa alternata, fundi anafungua kichwa cha betri. Kazi inaisha, injini inawaka mara moja, lakini skrini ina maandishi ya Kijapani na herufi tatu tu anazoweza kuzisoma: ERC. Redio inadai namba ya siri. Nyingine inadai kadi ya SD yenye ramani, ile ile iliyotoka nayo Japani, na kadi hiyo ilishachomolewa zamani ikajazwa nyimbo. Gari ni zima, redio imejifunga, na lawama zinamwangukia fundi wa alternata.

Hiyo bado ni redio ya kuchomoa. Corolla iliyotoka Japani Septemba 2019 imekuja na skrini kama kifaa cha kawaida, yenye umbo la dashibodi yenyewe, bila tundu la DIN. Kamera ya nyuma na baadhi ya mipangilio ya gari imo humo. Na skrini haziondoki tena: Marekani imelazimisha kamera ya nyuma kwa magari mapya madogo tangu Mei 2018, na Japani ilianza kulazimisha kamera au kifaa kingine cha kutambua vilivyo nyuma kwa modeli mpya Mei 2022. Kamera inataka skrini, na skrini ikishakuwepo kila mtengenezaji anaitafutia kazi zaidi.

3. Skrini inavyoweza kuangusha sifa ya gari

Mfano wa kwanza ni wa Ford. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikuwa ya 5 kwenye utafiti wa ubora wa magari mapya wa J.D. Power nchini Marekani. Mwaka 2011 ilianguka hadi nafasi ya 23, na sababu kubwa ilikuwa mfumo wake wa skrini, MyFord Touch, uliokwama na kuchelewa kuitikia kidole. Gari linaweza kuwa na injini nzuri na bado likapata jina baya kwa ajili ya kioo cha dashibodi.

Hali hiyo haijapita. Kwenye utafiti wa J.D. Power wa 2024 kuhusu magari yenye umri wa miaka 3, wastani ulikuwa matatizo 190 kwa kila magari 100, na 49.1 kati ya hayo yalitokana na redio, skrini na mawasiliano. Hakuna sehemu nyingine ya gari iliyoikaribia idadi hiyo.

Tesla inaonyesha namna kioo kinavyokufa. Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na memori ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini. Memori ya aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kompyuta ilikuwa ikiandika kumbukumbu zake humo muda wote. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikadiria kwamba ingechoka ndani ya miaka 5 au 6. Ikichoka, kamera ya nyuma inazima pamoja na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo. Mwaka 2021 Tesla iliita magari takriban 135,000 yarekebishwe. Tukumbuke kwamba miaka 5 au 6 ndiyo umri ambao gari la Japani linakuwa halijafika hata bandarini kwetu.

Kasoro nyingine zinatoka nje ya gari kabisa. Januari 2022, mjini Seattle, kituo cha redio cha KUOW kilirusha faili ya picha iliyokosa kiambishi cha aina yake, na skrini za Mazda za 2014 hadi 2017 zilizokuwa zikikisikiliza zikaanza kuzima na kuwaka zenyewe bila kukoma. Nchini Uingereza, mwaka 2024, Nissan ilifunga programu ya simu ya Leaf za zamani kwa sababu mtandao wa 2G unaondolewa. Gari bado linatembea, ila huduma iliyouzwa pamoja nalo imekufa.

4. Kazi ya simu ibaki kwenye simu

CarPlay ilizinduliwa Machi 2014 kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, na Android Auto ikaanza kutumika 2015. Ubora wa mifumo hii miwili, kwa soko la mkononi, uko kwenye mgawanyo wa kazi. Ramani, muziki, sauti na hesabu zote zinafanyika ndani ya simu. Simu inatuma picha kwa waya wa USB au bila waya. Gari linaonyesha picha hiyo, linatoa sauti na kurudisha mguso wa kidole. Mwenye gari akibadilisha simu, amebadilisha pia akili ya dashibodi. Gari la 2019 linaweza kuonyesha foleni ya leo ya Morogoro Road bila kuguswa bisibisi.

Toyota ilisita kwa muda mrefu kuipokea mifumo hii. Iliutangaza mfumo mbadala wa SmartDeviceLink ikishirikiana na Ford, na nchini Marekani ilianza kuweka CarPlay kwenye Avalon ya 2019. General Motors imeenda upande mwingine: mwaka 2023 ilitangaza kuondoa CarPlay na Android Auto kwenye magari yake mapya ya umeme ili itumie mfumo wake yenyewe. Mmiliki wa kwanza anayepata masasisho na huduma ya kulipia anaweza asione hasara. Mmiliki wa tatu, aliye Mwanza au Kisumu, atabaki na kile ambacho kampuni itakuwa bado inakihudumia.

Haki itendeke: kushindwa kuunganisha simu na gari ni miongoni mwa malalamiko makubwa kwenye utafiti wa 2024 nilioutaja. Lakini tofauti iko kwenye gharama. Waya mbovu unabadilishwa kwa hela ya chakula cha mchana, ilhali kompyuta ya dashibodi inaagizwa nje, na mara nyingine inagoma kuzungumza na gari jipya ilimofungwa hadi iandikishwe upya.

5. Android ya Kariakoo

Kwa magari yenye tundu la DIN, jibu la wengi limekuwa redio ya Android ya dukani. Inaongeza mvuto wakati wa kuuza, sikatai. Ila mnunuzi makini anapaswa kuangalia nyuma yake.

Redio hizi zina waya wa manjano unaotoka moja kwa moja kwenye betri, mwekundu unaopata umeme funguo ikiwashwa, na mweusi wa bodi. Fundi mwenye haraka huunganisha wa manjano na mwekundu pamoja. Redio inawaka vizuri, mteja analipa, ila haitalala tena usiku. Ikivuta nusu ampea muda wote, betri ya ampea-saa 36 inamalizika kwa saa 72, na starta itakuwa imeshindwa mapema zaidi. Ikilala ipasavyo na gari zima likavuta miliampea 50, hesabu hiyo hiyo inafika saa 720, yaani mwezi. Mwenye gari atabadilisha betri, kisha alternata, kisha ataliuza akisema gari linasumbua, na aina nzima ya gari itapata jina baya kwa kosa la nyaya mbili.

Mtego mwingine ni soketi ya kiwandani kukatwa. Kuna soketi za kuunganishia zinazochomekwa bila kukata waya, na bei yake ni ndogo. Wayaringi iliyokatwa na kuzungushiwa gundi ya plastiki inamwambia mnunuzi kwamba kuna sehemu nyingine zilizofanyiwa hivyo. Pia baadhi ya redio hizi huonyesha toleo la Android na ukubwa wa memori usio wa kweli, na kioo cha bei rahisi kilichoachwa juani huanza kujibonyeza chenyewe.

6. Mapendekezo

Kwa waagizaji: kwenye karatasi ya mnada na picha za dashibodi, tazameni kama skrini ni ya DIN au ya kuzaliwa nayo, kama ina CarPlay na Android Auto, na kama kadi ya SD ya ramani imo. Ombeni namba ya siri ya redio kabla gari halijapakiwa, kwa sababu muuzaji wa Japani ndiye aliye karibu na aliyeifunga.

Kwa mafundi: kabla ya kufungua betri ya gari la Japani, mwulizeni mteja kama ana namba ya siri, na mkiweza tumieni betri ya pembeni kushikilia umeme. Kila redio mnayofunga, pimeni kwa testa mvuto wa umeme gari likiwa limezimwa na kulala, mwandike kipimo kwenye risiti. Mrudishieni mteja redio ya zamani.

Kwa madalali: "Ina Android" isemwe pamoja na jibu la swali la pili, kwamba imefungwa kwa soketi au kwa kukata. Anayeuza gari lenye redio yake ya asili ndani ya boksi kwenye buti ana hoja ya kudai bei.

Kwa wanunuzi: ukaguzi wa injini, gia na boljointi ubaki wa kwanza. Kisha chomekeni simu yenu, wekeni gia ya nyuma mwone kamera, ongezeni kiyoyozi, subirini dakika kumi gari likiwa juani. Skrini inayotawala kiyoyozi na kamera ihesabiwe kama sehemu ya gari, nayo ikiwa na kasoro ipunguziwe bei kama gia boksi inavyopunguziwa.

Maswali ya majadiliano

Moja: je, mafundi waweke bei moja ya kufungua redio zilizojifunga, na nani athibitishe kwamba gari si la wizi kabla ya kufungua?

Mbili: magari ya skrini ya kuzaliwa nayo yakijaa, spea za kompyuta zake zitatoka kwenye magari yaliyopata ajali. Tunazipimaje kabla ya kuziuza?

Tatu: kati ya Corolla mbili zinazolingana kwa yote, moja ikiwa na skrini kubwa isiyokubali simu na nyingine ndogo inayoikubali, dalali anapaswa kuitaja ipi kuwa na bei ya juu? Jibu langu ni ya pili. Anayepinga atuonyeshe ni nani atakayeihudumia ile ya kwanza baada ya miaka 6.