Mbegu inayopita mpaka bila kuulizwa: maneno yetu mbele ya wakulima



Wengine wametuuliza: nyinyi vijana munasemaka maji, umeme na usalama, majani ya shamba inawahusu nini? Inatuhusu juu dawa ya kuua majani imeisha kufika mu masoko yetu, mara nyingi mu chupa bila karatasi ya maelezo, na nyuma ya dawa hiyo kunafuataka mbegu yake.

Hatukuje kuwaogopesha kwamba ukila mahindi iliyobadilishwa utakufa. Hiyo si hoja yetu. Tunasema juu ya shamba.

Kule Marekani, mwaka 1996, wakulima walianza kupanda soja iliyobadilishwa ili glifosate isiiue. Unapuliza shamba lote, majani yanakufa, soja inabaki. Tusidanganyane: kila mtu anayeinama na jembe toka asubuhi angeipenda. Lakini ikawa dawa ile ile, kila msimu, karibu kila shamba. Kati ya mamilioni ya majani, machache yaliweza kuivumilia. Mengine yakafa, hayo machache yakazaa. Kufika mwaka 2005, mu mashamba ya pamba ya Georgia, kulikuwa jani moja ambalo glifosate haikuliweza tena. Ni ndugu wa lengalenga yetu, ila hilo la kule linapita urefu wa mtu, na mmea mmoja wa kike unaweza kutoa mbegu laki kadhaa. Unga wa maua yake unapeleka nguvu hiyo mpaka kwa jirani. Watu wenye matrekta wakarudia kulipa vibarua wang'oe kwa mikono.

Kampuni zikaleta nini? Mbegu ingine, inayovumilia dawa ingine, dikamba. Na dikamba inaruka na upepo. Mwaka 2017 peke yake ilikadiriwa kuharibu zaidi ya ekari milioni 3 za soja. Mwaka mmoja mbele ya hapo, huko Arkansas, mkulima alipigwa risasi akafa mu ugomvi wa dawa hiyo. Sisi tunaojua ugomvi wa mashamba tunasikia hiyo vizuri.

Na mbegu yenyewe haitulii. Kanada, mwaka 1998, walipata mimea ya kolza iliyojiotea na kuvumilia dawa tatu tofauti, wakati hakuna aliyepanda mbegu ya namna hiyo. Ilizaliana yenyewe kwa yenyewe. Oregon, unga wa maua wa nyasi ya majaribio ulionekana umefika kilometa 21, karibu njia ya Goma mpaka Sake.

Sasa kwetu. Mahindi inazaa kwa upepo, na mbegu ya msimu ujao tunaichagua mu mavuno yetu. Mutama uko na jamaa zake za porini, na zinazaliana. Mu kambi, msaada wa mahindi ukifika punje nzima, mama anabakisha kidogo apande. Ni haki yake. Njo maana mwaka 2002, wakati wa njaa kusini mwa Afrika, Zambia ilikataa mahindi iliyobadilishwa, na Zimbabwe na Msumbiji wakaomba isagwe kwanza.

Kongo iko mu Itifaki ya Cartagena. Basi Leta itangaze wazi ni mbegu gani imeruhusu, na isiruhusu ingine mbele ya kuwasikiliza wenye mashamba. Msaada wa mahindi iliyobadilishwa, kama unakuja, uje unga. Na chupa yoyote ya dawa iandikwe kwa Kiswahili.

Nyinyi pia, musipulize dawa moja misimu yote: hata bila mbegu ya kampuni, majani yatafika pale pale. Lile linalobaki kisha kupuliza, ling'oeni mbele halijatoa maua.

Kuanzia wiki ijayo tutapita mu koperative kuandika majina ya dawa zinazouzwa. Mutuletee chupa tupu. Musizioshe mtoni.